Umeme Unaoliwa na Vifaa Vilivyolala

Ndugu wasikilizaji, naanza na namba moja, maana hesabu zote zitakazofuata zinaitegemea. Mwaka una saa 8,760. Kifaa kinachovuta wati moja tu, usiku na mchana bila kupumzika, kinakula uniti 8.76 kwa mwaka, maana uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa nzima. Tuseme tisa, hesabu iwe nyepesi kichwani. Wati kumi ni karibu uniti 88, na wati hamsini ni uniti 438. Kwa hiyo mtu akikwambia kifaa chake kikizimwa kwa rimoti kinavuta "wati chache tu", zizidishe hizo chache kwa tisa, halafu ndipo mkubaliane kama ni chache.

Umeme huu wa kusubiri, yaani ule unaovutwa na kifaa kilichochomekwa lakini hakitumiki, unaweza kupunguzwa sana katika nyumba nyingi, ila watu wengi wanaupunguza mahali pasipostahili. Chaja ya simu imesingiziwa mno. Chaja ya kisasa iliyoachwa ukutani bila simu huvuta kama wati 0.1, pengine pungufu ya hapo; mwaka mzima haifikishi hata uniti moja. Sasa king'amuzi kilicho chini ya televisheni kinaweza kuvuta wati 15 huku wenye nyumba wakiamini kimezimwa. Hizo ni uniti 131 kwa mwaka. Ungelazimika kuchomoa chaja 150 ili ukifikie king'amuzi kimoja. Anayetaka kuchomoa chaja kwa sababu ya usalama achomoe, ni tabia nzuri, lakini asiiweke kwenye hesabu ya akiba.

Kwa nini kifaa kilichozimwa kivute umeme? Ukutani kuna umeme wa kupishana wa volti 230 au zinazokaribia hapo, ilhali ndani ya kifaa saketi zinataka volti 5 au 12 za mkondo mmoja. Katikati yake pana sehemu ya kugeuza umeme, na hiyo ndiyo inayobaki kazini. Kile kijicho kinachosubiri amri ya rimoti kinahitaji sehemu ndogo sana ya wati. Kinachokula ni ile sehemu ya kugeuza iliyowekwa macho kwa ajili yake: ni kama kuwasha jenereta la shule nzima ili mlinzi wa getini apate taa ya kusomea gazeti. Vifaa vya zamani vilitumia transfoma ya chuma na nyaya za shaba, ambayo ikishachomekwa hupata joto hata kama upande wa pili hakuna mzigo wowote. Shika adapta nzito ya zamani iliyokaa ukutani tangu asubuhi. Ukiona ina uvuguvugu, huo ndio umeme wako unaogeuka joto. Adapta nyepesi za kisasa hutumia mtindo wa kukata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde, nazo zikiwa hazina mzigo hujipunguza zenyewe hadi karibu na sifuri.

Taa nyekundu, ambayo wengi huichukulia kuwa ndiyo dalili, haina hatia. Taa ndogo ya aina hiyo ikipitisha miliampea 20 kwa volti 2 inatumia wati 0.04. Kuna vifaa vyenye taa inayong'aa ambavyo havivuti hata nusu wati, na vipo vingine vyeusi tii, havina dalili yoyote, vinavuta wati 20. Ndiyo maana nitasisitiza kupima kuliko kutazama.

Suala hili halikuanza leo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Alan Meier na wenzake katika maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley huko Marekani walianza kulipima kwa utaratibu. Katika nyumba kumi za California walizozipima, matokeo yao yaliyotoka mwaka 2000 yalionyesha umeme wa kusubiri wa kati ya wati 14 na wati 169 kwa nyumba, wastani wati 67. Kwa nyumba hizo, hiyo ilikuwa kati ya asilimia 5 na 26 ya umeme wote wa mwaka. Tazameni huo upana: nyumba moja wati 14, nyingine 169, mara kumi na mbili zaidi. Maana yake wastani hautakwambia lolote kuhusu nyumba yako. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilikuwa limeshapendekeza kwamba kifaa kilichozimwa kisizidi wati moja. Umoja wa Ulaya ukatunga sheria: kuanzia Januari 2010 wati 1, na kuanzia Januari 2013 nusu wati, au wati 1 kwa kifaa chenye kioo kinachoonyesha kitu kama saa. Watengenezaji wakubwa huuza modeli zilezile katika nchi nyingi, hivyo sheria hizo zimewanufaisha hata wasiojua kama zipo. Televisheni ya leo ikilala usingizi wa kweli huvuta chini ya nusu wati.

Nimesema usingizi wa kweli, kwa sababu kuna wa uongo. Fungueni menyu ya televisheni iliyounganishwa na intaneti, mtafute kipengele cha kuwaka haraka. Kikiwa kimewashwa, televisheni ikizimwa kwa rimoti haizimiki. Inazima kioo tu, huku bongo lake likiendelea kufanya kazi ili ukibonyeza iwake bila kukuchelewesha. Kwa baadhi ya modeli hali hiyo inavuta wati 10 hadi 20 na zaidi. Mashine za michezo ya video nazo zina jambo hilohilo: katika hali ya kuwaka papo hapo huweza kuvuta wati 10 hivi au zaidi, na katika hali ya kuokoa umeme hushuka hadi karibu nusu wati. Hapa huhitaji kununua chochote. Ni kuingia kwenye menyu, kubadilisha kipengele kimoja, na kukubali kwamba mashine itachukua nusu dakika kuamka.

King'amuzi ndicho mkaidi kuliko wote. Vingi vya zamani, hasa vyenye diski ya kurekodi, ukivizima kwa rimoti huzima picha tu. Kipokea mawimbi na diski vinaendelea, na tofauti kati ya kuwaka na kuzima ni wati moja au mbili. Vipya huwa na hali ya usingizi mzito, lakini mara nyingi huja kiwandani ikiwa haijawashwa, kwa kuwa ukiiwasha king'amuzi kinachukua dakika kadhaa kuamka na wateja hulalamika. Iwasheni nyinyi wenyewe, kwenye sehemu ya mipangilio ya umeme.

Kisha kuna redio kubwa za sebuleni na ile spika ya besi inayojiwasha yenyewe ikisikia sauti. Spika hiyo ina amplifaya yake ndani, na amplifaya inayosikiliza huweza kuvuta wati 5 hadi 15 siku nzima. Nyuma yake kwa kawaida kuna swichi ndogo ya umeme ambayo haijaguswa tangu siku ilipotolewa kwenye boksi.

Stebilaiza, ile ya kutuliza volti, na inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, husahaulika kabisa kwa sababu watu huziona kama sehemu ya nyaya. Stebilaiza ina transfoma ndani. Hata televisheni ikiwa imezimwa, yenyewe inanguruma kwa chini na kuvuta wati 5 hadi 15. Ukiweka swichi baada ya stebilaiza umekata televisheni na kumwacha mlaji mkubwa akiendelea kula. Swichi ikae kabla yake, pale ukutani. Inveta ndiyo inayoumiza zaidi, hasa kwa wanaotegemea betri. Inveta inayovuta wati 20 bila mzigo hutumia wati-saa 480 kwa siku. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi. Kwa hiyo asilimia 40 ya betri imeliwa kabla hujawasha hata balbu moja. Inveta nyingi nzuri zina hali ya kutafuta mzigo, ambapo hulala na kuchungulia kila baada ya muda kama kuna kitu kimewashwa. Tatizo la hali hiyo ni kwamba mzigo mdogo, kwa mfano balbu moja ya LED au chaja, haitoshi kuiamsha, na mtu hudhani inveta imeharibika. Kwenye baadhi ya modeli kiwango cha kuamkia kinarekebishika. Kishusheni hadi balbu iwake bila kuchezacheza.

Maikrowevu ina kichekesho chake. Saa na saketi ya vitufe huweza kuvuta wati 3, ambazo ni uniti 26 kwa mwaka. Maikrowevu hiyohiyo inayovuta wati 1,200 ikipasha chakula dakika tatu kila siku hutumia karibu uniti 22. Saa imekula kuliko chakula. Ila mwenye kuitumia nusu saa kwa siku, hesabu hii haimhusu sana. Na wenye mashine za maji ya moto na baridi, hilo si suala la kusubiri tena. Lile tangi linachemshwa upya usiku kucha bila mnywaji, na linaweza kupita uniti moja kwa siku. Zima upande wa moto kwa swichi yake unapokwenda kulala.

Sasa kupima. Njia ya kwanza haihitaji kifaa chochote zaidi ya mita ya nyumbani. Mita nyingi za kielektroniki zina kataa kadogo kanakomweka, na pembeni pameandikwa idadi ya mimweko kwa uniti moja, kwa mfano 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Zima taa zote, zima vifaa vyote kwa namna mnavyovizima kila usiku, wala usichomoe kitu, isipokuwa friji: hiyo ichomoe kwa nusu saa huku mlango umefungwa, hakuna kitakachoharibika. Hita ya maji nayo izimwe. Kisha hesabu sekunde kutoka mmweko mmoja hadi mwingine. Chukua 3,600,000, gawanya kwa namba ya mimweko iliyoandikwa, halafu gawanya kwa sekunde ulizohesabu. Mita ya 1000 ikimweka kila sekunde 36, nyumba yako inavuta wati 100 huku mkiwa mmelala. Ikimweka kila sekunde 120, ni wati 30. Mita ya 1600 ikimweka kila sekunde 45, ni wati 50. Baada ya hapo zima breka moja moja na uhesabu tena. Utajua chumba chenye mlaji kabla hujashika plagi hata moja. Na friji irudishe, usiisahau.

Njia ya pili ni kipima wati cha kuchomeka kati ya soketi na kifaa. Ni kifaa kidogo na kinafaa kuazimana mtaa mzima, kwani kila nyumba inakihitaji siku mbili tu. Usisome mara tu baada ya kuzima. Televisheni huchukua dakika kadhaa kumaliza shughuli zake, na baadhi ya ving'amuzi huingia usingizini baada ya saa nyingi. Soma baada ya dakika 20, na kwa kifaa kinachoamka chenyewe usiku, kama king'amuzi au printa, acha kipimo saa 24 usome uniti zilizokusanywa. Vipimo vya bei ya chini havisomi vizuri chini ya wati moja au mbili. Vinaweza kuandika sifuri mahali penye wati 0.8. Dawa yake ni kuchomeka ekstensheni kwenye kipimo, ukaweka balbu ya zamani ya waya ya wati 15 au 25, ukasoma, kisha ukaongeza kifaa chako na kusoma tena. Tofauti ndiyo jibu.

Mafundi wenye mita ya kubana waya nawaomba wasiitumie kwa kazi hii. Kwenye mlango wa umeme wa vifaa vingi kuna kapasita, kijisehemu kinachotunza chaji ya umeme kwa muda mfupi, ya kuchuja kelele za umeme. Kapasita ya mikrofaradi 0.33 kwenye volti 230 na hezi 50 hupitisha miliampea 24 hivi. Ukizidisha ampea kwa volti unapata 5.5, unamwambia mwenye nyumba kifaa kinavuta wati tano na nusu, kumbe mkondo huo unakwenda na kurudi, na umeme halisi unaoliwa ni nusu wati tu. Mita ya kawaida ya nyumbani haihesabu mkondo huo wa kurudi.

Ukishajua walaji ni nani, utagundua kwamba karibu wote wamekaa sehemu mbili: pale penye televisheni na pale penye kompyuta. Kwa hiyo ekstensheni mbili zenye swichi zinatosha nyumba nyingi. Gawa vifaa kwa makundi. Pale penye televisheni, kundi la kukatwa ni televisheni, spika na mashine ya michezo. Kinachobaki na soketi yake ni king'amuzi kama kinarekodi usiku, na ruta, yaani kisambaza intaneti, kama ipo hapo. Ekstensheni iwe na swichi mahali mkono unapofika. Ikiwa nyuma ya kabati haitaguswa tena baada ya wiki ya kwanza, hata mwenye nyumba aape vipi.

Angalia mzigo: ekstensheni ya ampea 10 kwenye volti 230 inabeba wati 2,300, ya ampea 13 karibu 3,000. Televisheni na wenzake hawafiki hata robo ya hapo, lakini pasi au birika likichomekwa kwenye tundu lililobaki, waya unapata moto. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Ujue pia kwamba swichi za nyingi zisizo ghali hukata waya mmoja tu. Ikitokea zimekata nyutro, waya wa kurudisha umeme, badala ya laivu, waya unaouleta, kifaa kitaonekana kimezimika huku ndani yake kuna umeme wa kuua. Mwenye kufungua kifaa achomoe plagi, asitegemee swichi.

Swichi hizo hufa kwa sababu moja kuu. Kapasita za ndani ya vifaa zikiwa tupu, ukiwasha zote kwa pamoja zinavuta makumi ya ampea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ncha za swichi zinatoa cheche na siku moja zinagandana. Nunua ekstensheni yenye swichi kwa kila tundu, uwashe moja baada ya nyingine.

Vifaa vingine havipendi kukatwa ghafla. Printa ya wino izimwe kwanza kwa kitufe chake, kwa sababu ndipo inapokipeleka kichwa cha wino mahali pake na kukifunika. Ukiikata kwa swichi kichwa kikiwa katikati ya njia, wino unakaukia humo. Printa nyingine husafisha kichwa kila zinapowashwa, na wino unaomwagwa unaweza kuwa ghali kuliko umeme uliookolewa. Kama yako inafanya hivyo na inavuta wati moja ikiwa imelala, iacheni. Televisheni ya OLED ikizimwa kwa rimoti baada ya saa kadhaa za kutazamwa hufanya marekebisho ya kioo yenyewe, kimya kimya, kwa dakika kadhaa. Ipe dakika 10 au 15 kabla ya kukata swichi, la sivyo kazi hiyo haifanyiki na madoa hujijenga. King'amuzi kinachokatwa kila usiku hukosa masahihisho ya programu, halafu kinayadai yote siku mnayotaka kutazama mechi. Kiacheni usiku mmoja kwa wiki.

Kompyuta ya mezani izimwe kikamilifu kwanza, ndipo swichi ikatwe. Ikiwa hamtaki kuikata, ingieni kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha kompyuta, mtafute kipengele kilichoandikwa ErP na mkiwashe. Kompyuta iliyozimwa itashuka kutoka wati kadhaa hadi chini ya wati moja, ila soketi za USB hazitachaji simu ikiwa imezimwa, na haitaamshwa kupitia mtandao. Inayokatwa umeme kila siku huimaliza mapema ile betri ndogo ya CR2032 inayotunza saa. Tarehe ikianza kurudi nyuma, badilisheni betri hiyo, hakuna ugonjwa mwingine.

Ruta huvuta wati 5 hadi 12 muda wote. Yenye wati 8 ikizimwa saa nane kila usiku inaokoa uniti 23 kwa mwaka. Ni sawa kuizima kama hakuna simu ya mezani, kamera au king'ora kinachoitegemea. Friji, vifaa vya tiba na vya ulinzi havihusiki na mazungumzo haya kabisa.

Plagi za kisasa zinazoongozwa kwa simu zenyewe huvuta nusu wati hadi wati moja kwa ajili ya mtandao. Kuiweka plagi hiyo mbele ya spika ya wati 12 kuna maana. Kuiweka mbele ya televisheni ya nusu wati ni kulipa mara mbili. Balbu za aina hiyo nazo zikizimwa kwa simu huvuta wati 0.3 hadi 0.5 kila moja. Nyumba yenye balbu ishirini imeongeza wati 6 hadi 10 zisizokuwepo zamani.

Unaponunua kifaa kipya, tafuta kwenye kijitabu chake wati za hali ya kusubiri, na ukikiunganisha na mtandao, wati za kusubiri kikiwa mtandaoni, maana hizo ni namba mbili tofauti na muuzaji hutaja ile ndogo.

Sasa karibuni kwa maswali. Atakayeuliza kuhusu kifaa chake anitajie modeli na kipimo alichokipata baada ya zile dakika 20. Wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mgongoni msinisomee. Hizo ni za kifaa kikiwa kimeelemewa kazi, na hapa tunakizungumzia kikiwa kimelala.